Maili Kumi na Mbili

Boti la Haruna lilikuwa na lita saba za petroli, na mkewe Yasmin alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga pale Salale alimpapasa tumbo, akampapasa tena, akasema mtoto amelala mkingamo na lazima mama apasuliwe. Wampeleke hospitali Mchukwi. Hakusema mkipata nafasi. Alisema sasa hivi.

Shida ilikuwa maji. Huku deltani mtu hapimi safari kwa kilomita, anaipima kwa maji. Unangoja yaanze kujaa, unapanda nayo mpaka bandari ya bara, injini inakusaidia tu. Asubuhi ile maji yalikuwa yanatoka, tena kwa kasi, na mwanamke mwenye uchungu hawezi kuambiwa asubiri yageuke.

"Mwambieni apitie kwa Saidy achukue dumu jingine," alisema Mwanabaraka, mama yake Yasmin. Alikuwa amempa Haruna mgongo, kanga imefunika nusu ya uso, kama ilivyo adabu ya mtu na mkwewe.

Kwenda kwa Saidy, muuza petroli, ni kuzunguka kisiwa kizima. Haruna akatoa simu, ile aliyoachiwa na binamu yake Mudrick, baharia wa meli za nje. Akagusa ramani, ikamwandikia kumi na mbili mpaka bandarini. Fundi wa injini alikwisha kumwambia kwamba lita moja inakwenda kilomita mbili. Basi lita sita zinatosha, na moja inabaki. Hesabu ilimpendeza, na hapo ndipo alipopotea, maana mtu mwenye haraka hupenda hesabu inayomkubalia.

"Petroli inatosha, mama," alisema. "Simu imepima."

Tangu aoe hakuwahi kumbishia mkwewe hata kwa chumvi ya mboga. Siku aliyombishia, akabisha kwa jambo asilolijua. Mwanabaraka aliingia botini, akakipakata kichwa cha mwanawe.

Walipoingia kwenye mdomo wa mto, Haruna akampa Yasmin simu. "Tazama namba zinavyoshuka, mke wangu. Zikifika sifuri tumefika." Alitaka apate kitu cha kushika, na kweli kilisaidia. Kila uchungu ulipomwachia, Yasmin alifungua macho akasoma kwa sauti. Tisa. Nane. Mikoko ilipita pande zote mbili, mizizi yake ikizidi kuchomoza kadiri maji yalivyoshuka. Haruna aliinua tangi la petroli, akalitikisa. Lilikuwa jepesi mno. Akalitikisa tena, kana kwamba lingeona haya na kuwa zito.

"Tano," alisema Yasmin. Kisha akaisogeza simu karibu na pua. Alikuwa amemaliza kidato cha nne Kibiti, na hesabu ilikuwa somo lake. "Haruna. Hizi si kilomita."

"Nini?"

"Imeandikwa maili. Ni simu ya baharia hii." Uchungu ukamkamata, akauma kanga ya mama yake, akasubiri upite. "Maili moja ni kilomita moja na nusu na ushei. Tano ni kama nane. Zile kumi na mbili zilikuwa kumi na tisa."

Alijibu upesi kama anayemjibu mwalimu, halafu maana ya jibu lake ikamfikia mwenyewe. Alimtazama mumewe. Hofu ilimshika Haruna, hofu hasa.

Kurudi kusingesaidia. Kutia nanga na kungoja maji yajae kulikuwa na maana moja tu, na hakuna aliyeitamka.

"Endesha mpaka iishe," alisema Mwanabaraka. "Ikiisha tutasukuma."

Iliisha mahali mto unapokuwa mwembamba. Injini ilikohoa, ikazima, na papo hapo mkondo ukaanza kuwarudisha nyuma. Haruna alishika pondo, akalikita chini, boti likasogea kidogo, likarudi. Akaruka majini. Tope lilimfika mapajani. Alisukuma kwa bega huku akilia bila kujijua, na boti lilikuwa zito kama nyumba.

Akasikia mwingine ameruka. Mwanabaraka alikuwa amefunga kibwebwe, miguu wazi mpaka juu ya magoti, kanga ya kichwa ameitupa. Haruna akageuza uso upesi na kusogea mbali.

"Mama, usi..."

"Leo hakuna ukwe!" alifoka. "Njoo hapa. Weka bega lako karibu na langu. Sukuma!"

Walisukuma bega kwa bega, jasho lake na la mkwewe, wametapakaa tope mpaka kidevuni. Yasmin alikuwa ameacha kusoma namba. Kwanza alipiga kelele, baadaye akawa anaguna tu, na kule kuguna ndiko kulikomtisha Haruna zaidi. Walisukuma mpaka mashua ya injini iliyobeba mpunga kutoka Mbuchi ikawakuta, ikawafunga kamba na kuwavuta hadi bandarini. Gari lililoitwa na mkunga kwa simu lilikuwa linawangoja. Mchukwi waliwapokea mbio, na Yasmin akaingizwa chumba cha upasuaji bila kuulizwa hata jina.

Walimwokoa mama. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshachoka kabla ya kufika, hakupona.

Alasiri waliruhusiwa kumwona Yasmin. Haruna alisimama miguuni pa kitanda, tope limemkauka mwilini. Mwanabaraka alikaa kichwani, akimpangusa mwanawe paji la uso. Yasmin alikwisha kuambiwa. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama dari, midomo ikicheza polepole, na Haruna akajua anapiga hesabu.

"Tungepitia kwa Saidy," alisema hatimaye, "tungewahi?"

"Tusingewahi," alisema mama yake upesi. "Kuzunguka kule kote? Tusingewahi, mwanangu. Ni Mungu tu."

Yasmin hakumtazama mama yake. Alimtazama Haruna, akangoja.

Mwanabaraka naye aliinua uso akamtazama mkwewe machoni, akimsihi aseme kama yeye.

"Tungewahi," alisema Haruna.