Usiniombee, Dada

Mama alikuwa na imani kubwa na mdomo wangu. Mimi ni msusi, na tangu nianze kusimama nyuma ya vichwa vya watu nimeshagombana na wateja, wenye nyumba na askari wa manispaa, na mara nyingi nimeshinda. Kwa hiyo mdogo wangu alipokamatwa kwa wizi wa betri ya lori, Mama hakutafuta wakili. Alinitafuta mimi.

"Siku ya kesi usimame umsemee ndugu yako," aliniambia. "Mungu amekupa ulimi, utumie."

Mlinzi wa yadi alidai alimwona teja mrefu, mwembamba, akiruka ukuta na betri. Mdogo wangu ni teja, ni mrefu na ni mwembamba, basi polisi wakaridhika. Lakini siku ile kutwa nzima alikuwa chumbani kwangu, amejikunja sakafuni kwa arosto ya kukosa unga, anatapika kwenye ndoo yangu ya kuoshea nywele za wateja. Hata chooni nilimpeleka kwa kumshika mkono. Mtu wa hivyo ataruka ukuta gani?

Na kuna wakati alikuwa amepona kabisa. Kila asubuhi alikuwa anakunywa methadoni yake, dawa ya kumwachisha heroini, kwenye kliniki ya hospitali. Akanenepa mashavu, akapata kibarua cha kupaka rangi, akaanza hata kunibishia mambo ya mpira. Halafu mfadhili akafunga virago, na kliniki nayo ikafungwa. Mlangoni wakabandika karatasi ya kuwatakia wagonjwa kila la heri. Niliichana karatasi ile kwa mikono yangu. Haukupita muda akarudi kwenye unga.

Nilipokwenda kumwona mahabusu, nilimkuta nyuma ya wavu anatetemeka, midomo imempasuka. Kilichonitia wazimu ni kwamba ng'ambo ya uwanja, ndani ya gereza hilohilo, palikuwa na chumba cha dawa. Nilikiona kwa macho yangu, kina mlango wa buluu, na wafungwa wamepanga foleni na vikombe vyao vya plastiki. Nesi wa chumba hicho alipopita karibu na geti nikamwita.

"Mpeni na huyu dawa," nikamwambia. "Alikuwa mgonjwa wenu kule hospitali."

"Namjua vizuri," nesi akasema. "Tatizo, dada yangu, yeye ni mahabusu. Mfadhili wa mradi huu analipia wafungwa tu, waliokwisha kuhukumiwa. Tena kifungo kiwe mwaka mmoja kwenda juu, mtu asije akatoka katikati ya matibabu."

"Kwa hiyo asiye na hatia hatibiwi."

"Nimewaandikia mpaka nimechoka. Wanasema wataliangalia kwenye bajeti ijayo."

Nilikuwa na maneno ya kumpa, ila nikaona na yeye kachoka kama mimi. Nikayameza, nikarudi kwenye wavu.

Mdogo wangu alisogeza uso karibu. "Dada, nitakubali kosa."

"Umerukwa na akili?"

"Nikiachiwa nakwenda wapi? Kliniki hakuna. Rafiki yangu yule fundi redio katoka humu juzijuzi, akajidunga kipimo chake cha zamani, mwili ukashindwa, wameshamzika. Na nikiendelea kukaa mahabusu, hali yenyewe unaiona. Nikihukumiwa naanzishiwa dawa."

"Lakini hukuiba."

"Sikuiba. Nisikilize. Hakimu huyu ana huruma. Mtu akikubali kosa, halafu mama yake mzee akalia na ndugu wakamwombea, anampa kifungo cha nje, afagie soko. Mimi sitaki kufagia soko. Kwa hiyo usiniombee, dada. Akiuliza ndugu, wewe nichafue."

"Na Mama?"

"Mama asijue. Ataharibu kila kitu."

Hapo alisema kweli. Mama akiambiwa jambo la siri, linafika sokoni kabla yake. Nililia njia nzima ya kurudi, tena kwa sauti, na sikuona aibu. Ningemwambia hakimu ukweli, mdogo wangu angetoka huru akafie mtaroni. Nikinyamaza, anafungwa kwa kosa la mtu mwingine. Niligeuza huku na huku, sikupata mlango wa tatu.

Siku ya kesi Mama alivaa nguo zake za harusini. Tulikaa benchi la mbele. Karani alisoma shtaka, mdogo wangu akajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Mama akanifinya paja. Alidhani wamempiga mpaka akakubali.

Hakimu alivua miwani, akamtazama Mama kwa muda. Nikajua mambo yanaharibika. "Kuna ndugu anayetaka kusema lolote kabla sijatoa adhabu?"

"Simama," Mama akaninong'oneza.

Nikasimama. "Mheshimiwa, huyu ni mdogo wangu wa damu. Naomba umfunge."

Nilisikia Mama akivuta pumzi. Nilipanga kusema maneno machache ya uongo kisha nikae. Lakini mdomo wangu ukishafunguka hauna breki. Nikamwambia hakimu alivyoiuza mashine yangu ya kukaushia nywele. Nikamwambia michango ya msiba wa baba yetu ilivyopotelea mfukoni mwake wakati maiti bado iko ndani. Nikasema nimechoka kulala na funguo chini ya mto, nimechoka kumwogopa mtoto niliyembeba mgongoni. Yote hayo yalikuwa kweli, na nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Nilimwona mdogo wangu kizimbani akiniangalia, na mwishoni aliinamisha kichwa. Hakuwa anaigiza tena, wala mimi.

Hakimu alivaa miwani yake. "Miaka miwili jela. Haki ya rufaa iko wazi."

Mwaka mmoja ungetosha. Huo wa pili ni wa mdomo wangu.

Askari walimpitisha karibu yetu na pingu. "Ahsante, dada," akasema taratibu. Mama alidhani ni kejeli, akajifunika uso kwa mtandio.

Tulirudi nyumbani. Mama alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Siku betri ilipoibwa," akasema, "si uliniambia alikuwa kwako, anaumwa?"

Nilijua swali hilo litakuja. Neno la rufaa Mama alilisikia vizuri, na ningemwambia ndiyo, kesho asubuhi angekuwa mlangoni kwa hakimu, na mdogo wangu angetolewa kwenye foleni ya mlango wa buluu.

"Nilikudanganya, Mama. Hakuwa kwangu. Nilikuwa namfichia."

Miaka yote hiyo, jirani akipotelewa na sufuria na vidole vikaelekezwa kwetu, Mama alikuwa anatoka nje kupigana. Safari hii hakusimama.

"Kumbe kweli mwanangu ni mwizi," akasema.

"Ndiyo, Mama," nikamjibu.