Namba Tisa Wawili wa Bibi Dokume

Gari la wakubwa wa ragbi lilipopanda kilima chetu, kijiji kizima kilidhani wamemfuata mwanangu. Na kwa nini wasidhani hivyo? Yuwai alikuwa namba tisa wa timu ya taifa, yule anayeokota mpira miguuni mwa wenzake na kuamua uende wapi. Alikuwa amecheza mechi zote za kufuzu, nyingine mbavu zikiwa zimefungwa bandeji, na Kombe la Dunia lilikuwa limebakiza miezi miwili. Hapa kwetu Simbu, milimani, mtu atakusamehe umemwibia nguruwe kabla hajakusamehe umeidharau ragbi. Basi kabla gari halijasimama, watu walishajaa uani wanaimba jina lake. Mimi nikakamata jogoo.

Mkubwa wao aliitwa Kombra, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alikula jogoo wetu, akanywa chai, akampigapiga Yuwai begani. Halafu akanigeukia.

"Mama Yuwai, unisamehe. Leo sikuja kwa ajili ya kijana. Nimekuja kumwona bibi."

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anasokota nyuzi za mfuko wake. Hakuinua kichwa.

"Bibi Dokume," Kombra akasema, "ni wewe uliyemzaa mtoto aitwaye Tomas?"

Watu uwanja mzima wakageuka kumtazama. Jina hilo halikuwa likitajwa kwetu. Hata mimi, bintiye, nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tano, siku ya mazishi ya baba, mama alipolewa huzuni akalitaja.

Kabla hajaolewa na baba, mama aliishi na Mwaustralia mmoja aliyesimamia ujenzi wa barabara kuu. Akamzalia mtoto wa kiume. Mtoto alipofika miaka minne, yule mzungu alisema anampeleka mji wa Lae, pwani, akatibiwe macho. Hawakurudi. Mama alishuka hadi Lae, kipande kwa miguu, kipande juu ya magunia ya kahawa, akauliza kila mahali. Hakuna aliyemwona mtoto wa jina hilo. Kumbe wakati huo Tomas alikwisha kufika Brisbane, Australia, na huko baba yake alimwandikisha kuwa kazaliwa palepale, na mama yake ni mke wa ndoa wa yule mzungu.

Kombra akaeleza taratibu, kama mtu anayepita kwenye matope na viatu vipya. Tomas alikuwa na mwana, Corey Maddern, anayecheza ligi kubwa ya Australia. Corey alitaka kuvaa jezi yetu. Sheria inasema mchezaji awe amezaliwa nchini, au mzazi wake, au babu au bibi yake. Karatasi zote za Corey zinasema Brisbane, Brisbane, Brisbane. Lakini kitabu cha ubatizo cha misheni yetu kina jina la Tomas, mtoto wa Dokume. Kilichobaki ni kiapo cha mama mzazi.

"Anacheza namba gani?" Yuwai akauliza.

Kombra akajipangusa midomo. "Tisa."

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua tu kwamba sahani yake ilikuwa mikononi mwangu.

"Ngoja nielewe," nikasema. "Miaka hamsini karatasi zinasema mama yangu hajamzaa Tomas. Hakuna hata mmoja wenu aliyepanda kilima hiki kuja kuzirekebisha. Leo mnataka namba tisa, ndiyo mmekumbuka kwamba alimzaa?"

"Mama Yuwai, hii ni kwa ajili ya taifa."

"Taifa limetoka kula jogoo wangu sasa hivi. Litapike!"

Watu wakacheka, lakini mjomba Kasper, mdogo wake mama, hakucheka. Mjomba ni mtu wa kulia timu ikifungwa. "Ludwina, funga domo lako," akasema. "Unamjua Corey Maddern wewe? Yule tukimpata tutawafunga hata wale waliotufundisha mchezo. Dada, weka kidole kwenye kiapo, mambo yaishe."

Mama akaweka nyuzi chini. "Tomas yu hai?"

"Yu hai, bibi," Kombra akajibu.

"Ana miguu?"

Kombra akashangaa. "Anayo."

"Basi aje nayo. Aniombe mwenyewe."

Kombra akasema majina yanafungwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Mama akarudia nyuzi zake.

Wiki ile sitaisahau. Habari iliteremka mlimani ikafika sokoni Kundiawa kabla yangu. Wanawake niliouza nao kabichi miaka kumi walinipa mgongo. Siku ya tatu kijana mmoja mwenye mdomo mwekundu kwa tambuu akasimama mbele ya meza yangu.

"Huyu hapa! Mwanawe hana mbio, sasa anamzuia bibi kizee asiseme ukweli. Mnauza nchi, mama!"

Akatema mate mekundu juu ya kabichi zangu. Nikachukua moja, kubwa, nikamtwanga nayo usoni mpaka akakaa chini. Walinitoa sokoni askari wawili, na mmoja wao akaninong'oneza, "Mama, lakini kweli, mwambie bibi aweke kidole."

Nilirudi nyumbani. Yuwai alikuwa jikoni anamenya viazi vitamu, maana hasira zake huzimalizia kwenye kazi. Nikamwambia yote. Nikamwambia pia kwamba mama akikataa mpaka Ijumaa, nafasi ni yake, na wote waliotutukana watalipigia makofi jina lake.

Akakausha mikono, akatoa simu, akaniwekea picha za Corey akicheza. Nikamwona mtu mfupi, mpana, mwenye paji la uso la mama yangu. Nilitaka kusema hafai. Sikuweza. Alikuwa anaokota mpira na kupita katikati ya majitu kama maji yanavyopita mawe.

"Umeona?" Yuwai akasema. "Ananizidi."

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu, mama. Naifanya kazi hii tangu nina miaka sita. Ananizidi, na inaniuma hapa." Akajipiga kifuani. "Lakini unataka nivae jezi kwa kuwa bibi kafichwa? Walimfuta wao, halafu na mimi nimfute? Nikivaa hiyo jezi itaniwasha."

"Wewe ndiye uliyevunjika mbavu! Yeye alikuwa wapi tulipocheza kwenye mvua mbele ya watu mia mbili? Sasa meza imeshaandikwa ndiyo anakuja kunawa mikono!"

"Najua! Unadhani sijui?" Akakitupa kisu kwenye beseni, maji yakaturukia sote. "Nakasirika kuliko wewe! Ila simkasirikii bibi."

Mama alikuwa chumba cha pili. Ukuta wetu ni wa mianzi iliyofumwa. Alisikia kila neno.

Tomas alikuja Alhamisi. Alishuka kwenye ndege ndogo, akapanda kilima kwa miguu nyuma ya Kombra, mtu wa makamo mwenye kitambi na miwani minene. Uani watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, ila hakuna aliyeimba. Alisimama mbele ya mama, na Kombra akatafsiri, kwa sababu ile lugha aliyoisema akiwa na miaka minne ilikwisha kumtoka yote.

"Anasema amefurahi kukuona, mama."

"Muulize aliambiwa lini kwamba mimi nipo."

Tomas akatazama viatu vyake. Kombra akasita kabla ya kutafsiri jibu. "Anasema baba yake alimwambia alipokuwa anakata roho. Miaka kumi na tisa iliyopita."

Minong'ono ikapita uani. Mama akasimama. Ni mfupi, anamfikia kifuani. Alimpiga kofi moja, la nguvu, miwani ikaruka ikaangukia kwenye tuta la viazi. Mjomba Kasper akashika kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Miaka kumi na tisa!" mama akasema. "Nilikuwa na meno wakati huo. Ningekutafunia chakula ungetaka. Ulishindwa kuja, leo unaletwa na mpira?"

Tomas alikuwa analia kama mtoto, bila kujifuta. Alisema yule mama mzungu aliyemlea alikuwa bado hai, akaogopa kumuumiza. Kisha alipokufa, akaona aibu, na aibu ikakaa sana mpaka ikawa mazoea. Alisema kijana wake Corey ndiye aliyemsukuma. Alimwuliza, "Baba, mimi ni nani?"

"Yule usimuumize, ila mimi niumie tu," mama akasema. Halafu akakaa. "Leteni hiyo karatasi."

Kombra akaitoa haraka, akamsomea: Mimi, Dokume wa Simbu, naapa kwamba nilimzaa Tomas katika nchi hii, na ni mwanangu wa damu.

"Ongeza," mama akasema.

"Niongeze nini, bibi?"

"Kwamba sikumtoa. Andika alichukuliwa. Andika nilimtafuta hadi Lae."

Kombra akakuna shingo. "Bibi, fomu haina nafasi ya mambo hayo. Sheria inataka kujua ulizaa wapi, basi."

"Sheria inataka kidole changu. Kidole changu kinataka maneno hayo."

Nikamsogelea Kombra mpaka akasikia pumzi yangu. "Andika pembeni," nikasema. "Pembeni pana nafasi kubwa kuliko tumbo lako."

Akaandika pembeni, herufi ndogo, jasho linamtoka. Yuwai alisoma sentensi ile kwa sauti mara mbili ili watu wote wasikie, kisha akamshika bibi yake mkono, akampaka wino, akakibonyeza kidole kwenye karatasi. Mwanangu mwenyewe. Sikuweza kutazama hadi mwisho.

Majina yalipotangazwa Ijumaa, Corey Maddern alikuwa namba tisa. Namba tisa wa akiba naye alitoka Sydney, bibi yake alizaliwa Rabaul, nchini humu. Jina la Yuwai halikuwemo kabisa. Hakuna aliyepiga simu kumwambia, alisikia redioni kama watu wengine, akaweka viatu begani akaenda mazoezini kwenye klabu yake. Nilikwenda hadi ofisi ya Kombra, nikamwuliza mbele ya wageni wake kama miguu ya wanaochezea nyumbani ni ya kukanyagia matope ya kufuzu tu. Akasema ni uamuzi wa kocha, na nguvu ya timu ndiyo inayotazamwa. Nikamwambia timu ina nguvu, lakini haina adabu. Niliondoka kabla hajaniletea chai.

Siku ya mechi kubwa walifunga kitambaa cheupe ukutani mwa shule, tukatazama pamoja. Nilikwenda kwa ajili ya kununa, nikae nyuma nimwombee mabaya. Dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne. Corey akauokota mpira mita tano kutoka kwenye mstari wao, akajifanya anarusha kushoto, akazama mwenyewe chini ya miili ya watu watatu, akafunga. Teke la kuongeza pointi likafuata, likapita milingoti, tukashinda. Nikajikuta nimesimama juu ya benchi napiga mayowe, machozi yananitoka, na yule kijana wa tambuu amenikumbatia anapiga kelele, "Damu ya Simbu, mama! Mtoto wenu huyo!" Nilipojitambua, hasira ilinipanda upya, mara mbili ya ile ya kwanza. Nikamsukuma, nikashuka, nikaenda nyumbani peke yangu.

Yuwai hakutazama. Nilimkuta njiani, kwenye uwanja wa klabu yake, anarusha mpira kwenye tairi lililoning'inizwa, mkono wa kushoto, ule ulio dhaifu.

"Wameshinda," nikamwambia.

"Nimesikia mlivyopiga kelele." Akarusha, ukapita katikati ya tairi. "Yeye ana miaka ishirini na nane, mama. Mimi nina ishirini na tatu. Magoti hayasomi cheti cha kuzaliwa."

Siku hizi Tomas hupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Anajifunza maneno yetu, matatu manne kwa wiki, anayatamka vibaya. Zipo Jumapili mama anapokea na kuongea naye mpaka chaji inakwisha. Zipo nyingine anaiweka simu juu ya paja lake, inalia, inalia, naye anaendelea kusokota nyuzi. Nikinyoosha mkono kuipokea, ananipiga vidole.

"Iache," anasema. "Naye asubiri kidogo."