Ukuta wa Leonia

Leonia alifika mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, asubuhi na kopo lake la udongo mwekundu wa Bangwe wa kuchorea, akakuta mgambo wawili wanamalizia kuupaka chokaa ukuta wake. Ndiyo, wake. Kiangazi kizima alikuwa juu ya ngazi pale, kibali anacho, akichora, si samaki wala mtu, bali rangi juu ya rangi, nyufa, kutu, majivu ya majiko ya kukaushia samaki wa migebuka, jinsi mvua na jua vinavyokula kuta za Ujiji na mbao za mitumbwi mikuukuu. Ilikuwa imebaki kona moja tu ya chini. Sasa ni weupe mtupu, unachuruzika.

Alimfuata mtendaji wa mtaa, Bonaventura, mtu aliyesaini kile kibali kwa mkono wake mwenyewe, akamuuliza nani kaagiza. Mtendaji akaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba leo kuna mgeni kutoka juu, na jana yeye mwenyewe mtendaji alipopita aliona ukuta umechakaa, unabanduka, aibu tupu.

"Ndivyo nilivyouchora," Leonia alisema.

"Dada yangu, mimi nilijua bado hujaanza."

Hujaanza! Mtu anapita chini ya ngazi kila siku, anasalimia, anaomba samaki wa bure kwa akina mama, macho hayajainuka mpaka hiyo jana. Choo cha mwalo hakina mlango tangu mwaka juzi; hicho kwake hakijachakaa. Mtendaji akampa pole, kisha akamshauri achore samaki mmoja mkubwa na maneno ya kumkaribisha mgeni, kitu kinachoeleweka, na jina lake mchoraji litatajwa.

Leonia akaenda kwa mafundi wa mitumbwi, akaazima chuma wanachokwangulia rangi ya zamani, akapanda ngazi. Chokaa ilitoka, na kazi yake ikatoka nayo, vipande vipande, mpaka kwenye tofali. Alijua itatoka. Alikwangua huku analia. Yunisi, muuza dagaa, akaacha meza yake, akaja na ndoo ya maji na brashi, akaanza kusugua upande wa pili bila kuuliza kitu.

Mtendaji akaja mbio. Magari ya mgeni yalikuwa yameshakunja kona.

"Leonia, sasa mgeni nimwoneshe nini?"

"Yangu mmeshaifuta," alisema, bila kugeuka. "Hiki kinachobaki ni chenu. Mwoneshe."