Mlango Uliopiga Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Bagamoyo, kwenye mtaa mkuu wa mji mkongwe, na binti yangu Tuta kanishika mkono. Ni mkesha wa Krismasi. Tuta ana miaka mitano, na amevaa gauni la sikukuu nililomkataza kabisa kulivaa kabla ya kesho. Hata ndotoni hasikii.

Mtaa umepambwa. Taa nyekundu na za kijani zinawaka juu ya magofu, na kila baraza lina mti wa Krismasi uliobandikwa pamba. Watu hakuna. Yupo mbuzi mmoja tu, amekaa barazani, kakunja nne.

"Samahani, watu wa hapa wako wapi?" namuuliza.

"Wamo ndani," anasema. "Mwaka huu nyumba ndizo zinazotembelea watu. Zikikupigia hodi, usiitikie."

"Nikiitikia je?"

"Dada, leo ni mkesha na mimi ni mbuzi. Nina mambo yangu." Akashuka barazani, akaenda zake mbiombio.

Nikageuka. Nyuma yetu umesimama mlango. Mlango mtupu, hauna nyumba: wa mbao nzito, umechongwa maua, una misumari minene ya shaba kifuani. Ukagonga hewani.

"Hodi!"

"Karibu!" nikasema.

Jamani, ningefanyaje? Tangu utotoni nikisikia hodi mdomo unajibu wenyewe. Ndivyo nilivyolelewa, na sasa ona.

Hapohapo mtaa ukawa sebule yangu ya Mbezi. Mlango umekaa kwenye kochi. Mama mkwe wangu, Bibi Anastela, anaumiminia soda kwenye glasi ya wageni. Mimi hajawahi kunimiminia hata maji.

"Mgeni wetu unakula pilau?" anauliza.

"Nyumba haili," unajibu mlango. "Nyumba inataka watu wa kukaa ndani. Yangu ina vyumba vingi, na sikukuu hii nahitaji mtoto mmoja zaidi."

Ukamgeukia Tuta. Hauna macho, lakini nilijua unamtazama, kuanzia viatu mpaka utepe wa nywele. Mwili ulinisisimka. Niliogopa, sitaki kudanganya.

"Shikamoo," Tuta akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mlango ukachomoa msumari mmoja wa shaba kifuani, ukampa. "Mkono wa sikukuu huo."

Tuta akapiga goti, akaupokea kwa mikono miwili. Nilimfundisha mwenyewe.

"Rudisha!" nikamfokea.

"Wee Mama Tuta!" mama mkwe akanikemea. "Unatuaibisha mbele ya mgeni. Tena anataka kwenda. Inukeni mkamsindikize."

Kwa hofu niliyokuwa nayo, hilo nikaliona jema. Tumsindikize, aende, yaishe.

Tukatoka. Hatua moja tu, sebule haipo, tuko tena Bagamoyo mbele ya jumba jeupe lenye uwazi pale mlango unapotakiwa kuwa. Mgeni wetu akajipachika mahali pake, kisha akafunguka. Ndani giza. Mle gizani nasikia watoto wengi wanaimba nyimbo za Krismasi kwa sauti ndogondogo, kama walioambiwa wasiamshe mtu.

"Karibuni ndani," ukasema mlango.

Tuta ameshatanguliza mguu. Namvuta, haji. Nadaka gauni, navuta kwa nguvu zangu zote, na mtoto anazidi kuingia. Mungu wangu, mwanangu! Nguvu zimeniishia. Ikabaki adabu tu, ile ile iliyotufikisha pale.

"Asante sana," nikasema, "ila leo tumechelewa. Tutakuja kesho."

Kila mtu anaijua kesho ya namna hiyo. Nimewaambia majirani, mashoga zangu, hata katekista, na hakuna aliyekaa kunisubiri.

Mlango ukamwachia Tuta.

"Kesho," ukasema. "Basi msisumbuke. Nitamfuata mwenyewe."

Nikaamka nimelowa jasho. Kumepambazuka, kengele za kanisa zinalia, Krismasi imefika. Mume wangu Kizito anakoroma kama kawaida yake. Nikacheka peke yangu kitandani. Ndoto tu, mama, acha uoga. Nikaenda kumwamsha Tuta.

Kitandani hayupo.

Nikamkuta sebuleni, ameshavaa gauni la sikukuu, amefumba kiganja kifuani. Nikamfumbua vidole kimoja kimoja. Ndani yake mlikuwa na msumari mnene wa shaba.

"Mama," akasema, "nje kuna mgeni. Amepiga hodi."

"Tuta, umemjibu nini?"

Akanishangaa.

"Si umenifundisha? Nimesema karibu."