Mkono wa Mama Sandra

Ghai! Huo ulikuwa mkono wangu, pale ukutani, mkubwa kama mlango. Vidole vitatu, viwili havipo, unachagua maharagwe.

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni, hapa Noonkopir. Sandra wangu alikuwa ameketi kando yangu. Mwalimu alituambia tu kuna wageni wa shirika fulani, watatuonyesha filamu fupi kuhusu vita vya nyumbani. Shirika gani, sikuuliza. Ningejua aje?

Lesiamon, kijana wa hilo shirika, alikuja kwangu kunirekodi mwaka jana. Akaniapia: mama, filamu ni ya kufundisha machifu huko Kajiado, basi. Uso hatuonyeshi, sauti tunabadilisha. Nikamwambia, sikiza wewe, mimi watu siwaogopi. Naogopa mtoto wangu peke yake. Sandra anajua vidole vilikatwa na mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe, tukiwa Entarara. Anajua pia baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, na picha ya huyo baba imetundikwa ukutani juu ya kitanda chake. Huyo baba mzuri nilimtengeneza mimi mwenyewe, na sitaki mtu amguse. Lesiamon akasema ameelewa.

Kumbe alielewa nini, jamani?

Sauti haikuwa yangu, kweli. Lakini maneno yalikuwa yangu yote. "Bwana yangu alichukua panga. Mtoto alikuwa amelala mgongoni." Mama mmoja huko nyuma akaanza kulia.  Nikaficha mkono chini ya leso, na hapo ndipo Lesiamon akaniona. Unajua alifanya nini? Alitabasamu, akaniinulia kidole gumba! Ati tumefanya kazi nzuri! Nilitaka kumrukia mbele ya wazazi wote, lakini Sandra alikuwa hapo kando.

Sikuthubutu kumwangalia Sandra. Nikasikia tu anavua sweta. Akaiweka kwa mapaja yangu, akafunika vizuri watu wasione, kisha akaingiza mkono huko chini na kushika wangu.

"Mum, ni mimi nilikuwa mgongoni?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Filamu ikaisha, watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Aliendelea kunishika.

"Na ile picha ya baba, nani aliipigia msumari ukutani?"

"Ni mimi."

"Kwa mkono huu huu, Mum?"