Jina la Dafroza

Mwaka 1984, katika shule ya msingi ya kijiji cha Nyabiyonza, msichana aliyechaguliwa kwenda sekondari alikuwa mmoja tu: Dafroza Mukandekezi. Baba yake, Sebahire, alimpelekea Mwalimu Polikarpi mkungu wa ndizi wa shukrani.

"Na cheti chake cha darasa la saba kitunze wewe, mwalimu. Nyumba yangu ni ya nyasi, na mvua haina adabu."

Barua ya shule haikuja. Januari ikapita. Februari, baba na binti wakadandia lori hadi shule ya sekondari aliyopangiwa.

Mkuu wa shule, mwanamama, alifungua daftari. "Dafroza Mukandekezi? Mbona yupo darasani siku zote!"

Akaitwa. Aliyeingia amevaa sare mpya alikuwa Renatha, binti wa Desderius mwenye duka kijijini kwao.

"Shikamoo, mzee," alisema, macho sakafuni.

"Huyu ni Renatha!" Sebahire alifoka. "Baba yake ndiye huniuzia chumvi!"

"Cheti anacho. Wewe una nini?"

"Nina mtoto mwenyewe, huyu hapa."

"Wewe ni Sebahire, yeye Mukandekezi. Kama ni wako, mbona hana jina lako?"

"Kwetu, mama, kila mtoto hupewa jina lake peke yake."

"Kwenu wapi?"

 Sebahire alikuwa amevuka mto Kagera akiwa kijana, mkimbizi kutoka nchi jirani, na karatasi ya uraia aliyoiomba ilikuwa haijatoka.

"Nyabiyonza," alisema, kama mtu aliyefumaniwa. Akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Walipomwendea, Polikarpi hakukana kuwa alimpa Desderius cheti, wala hakuona haya.

"Mzee Sebahire, jambo hili ukilichimba utafukiwa humo humo. Dafroza arudie darasa la saba. Kuna Costansia, ameolewa kijiji cha Kamuli, jina lake bado limo kwenye rejista. Achukue hilo."

"Na la kwake?"

"La kwake lina mtu sasa."

"Baba, kataa," alisema Dafroza. "Nikifaulu, atakayekuwa amefaulu ni Costansia."



Jumatatu Sebahire alimsindikiza mwenyewe, na njia nzima akawa anamwita kwa jina lile geni ili alizoee. Dafroza hakuitika hata mara moja. Sebahire akabaki amesimama nje ya dirisha la darasa.

"Costansia!" aliita Polikarpi.

Mtoto mmoja akacheka.

"Costansia!"

"Nipo," aliitika Dafroza, na baba yake akaondoka haraka, asije akamsikia akiitika tena.