Shimo Lisilo na Pa Kutokea

Fundi bomba alikuwa amenuna siku ya tatu sasa, na akinuna yule, nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Binti yake wa pekee, Koki, alikuwa anaondoka alfajiri ya kesho kwenda kusoma ng'ambo, miaka minne. Jina la Koki alimpachika yeye mwenyewe, maana utotoni akianza kulia hafungiki, kama koki mbovu ya maji. Sasa huyo Koki anakwenda kusomea mashimo meusi ya angani, na baba mtu kaapa hakanyagi stendi kumsindikiza.

"Shimo gani hilo linaingiza tu halitoi?" alimfokea mkewe, kana kwamba ndiye aliyelichimba. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa hiyo: unamwaga rangi nyekundu kwenye sinki, unatoka nje, unangoja kwenye chemba ya maji taka uone itatokea wapi. Isipotokea, kuna mahali pameharibika.

Jioni hiyo Koki aliingia jikoni, akajaza sinki maji, akaomba kopo la rangi. Baba akampa bila kumtazama. Akanyunyiza kidogo, akang'oa kizibo.

"Ona, Baba. Haianguki moja kwa moja, inazunguka kwanza. Kule juu gesi na vumbi vinazunguka hivi hivi, vinasuguana, vinapata joto mpaka vinawaka. Mwanga tunaouona unatoka hapo nje, kabla ya kuingia."

"Na mtu akitumbukia?"

"Akitanguliza miguu, miguu inavutwa kuliko kichwa. Anarefuka mpaka anakuwa tambi."

"Mama yako amesikia hayo?"

Koki akacheka. Fundi, shingo upande, akavuta stuli akaketi.

"Ila shimo likiwa kubwa sana, anavuka ukingo mzima mzima, hahisi kitu, saa yake inakwenda kama kawaida. Kazi iko kwa aliyebaki nje. Huyo anamwona mwenzake akipunguza mwendo. Akipunga mkono, anaupunga polepole, halafu polepole zaidi. Mwanga wake unakuwa mwekundu, unafifia. Lakini kumwona akiingia, hamwoni hata siku moja."

Maji yalikwisha. Fundi aliitazama rangi iliyobaki ukingoni mwa tundu. Ukweli ni kwamba na shimo hakuwa na ugomvi wowote. Alimpenda huyu mtoto kupita kiasi, na hakujua nani atamfungulia mlango akirudi kutoka kazini.

"Nisafishie sinki langu," alisema, akaenda kulala.

Alfajiri ndiye aliyebeba sanduku. Mkewe alijiuma mdomo asicheke, kiapo hakukitaja. Stendi, Koki alipata kiti cha dirishani kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege. Basi lilipoanza kuondoka akainua mkono, akaupunga polepole, halafu polepole zaidi, mpaka kiganja kikatulia tuli kwenye kioo. Fundi akaelewa. Machozi yakamtoka mbele za watu, na safari hii asiyefungika alikuwa yeye.

Basi lilishika barabara kuu. Taa zake nyekundu za nyuma zikawa ndogo, zikafifia kwenye ukungu.

"Twende, baba Koki," mkewe akamshika kiwiko. "Limeshaondoka."

"Tangulia tu, mke wangu," alisema. "Mimi bado namwona."